Farasi wa Bure na Hesabu Yake

Mpwa wangu alinipigia simu mwishoni mwa Aprili, na hata shikamoo yake ilikuwa ya mbio. Anafanya kazi Dar es Salaam, kwenye banda la farasi wa kupandwa, na siku ile alikuwa na habari iliyomjaa kifuani: farasi wanne waliozeeka wanatafutiwa pa kwenda. Wenyewe hawataki kuwaua, hawataki kumuuzia mtu wasiyemjua, na hawawezi kuendelea kulipia banda la mjini kwa mnyama asiyepandika tena. "Mjomba, wanawatoa bure," akaniambia. "Huko Mikindani tuna shamba la bibi, limelala tu. Nyasi zipo. Tuwafanyie makimbilio, wamalizie uzee wao kwa amani."

Sikumkatalia. Nilikuwa bwana mifugo tangu ujana hadi nilipostaafu, miaka minne ya kazi hiyo nikiwa Arusha, ambako ndiko nilikomjua farasi. Mtu anayemwonea huruma mnyama mzee ni wa kushikwa mkono. Lakini nilimwomba wiki mbili nikae na daftari, na makala haya yametoka humo. Wapo wengi wenye moyo kama wake, na karibu wote wanaanza hesabu mahali pasipo pake. Wanauliza mnyama anauzwa kiasi gani. Mimi naanza na jambo jingine: atakaa nami siku ngapi, na kila siku moja inataka nini?

Siku, si bei

Mfugaji wa kawaida ana mlango wa kutokea. Ng'ombe akizeeka anapelekwa mnadani, beberu anachinjwa Idi, jogoo anaishia sahanini mgeni anapokuja. Gharama ya kuwalisha inakoma siku mwenyewe anapoamua ikome. Makimbilio yameufunga mlango huo kwa makusudi. Ukimpokea mnyama pale umemwahidi kwamba hutamuuza, hutamchinja, hutamfanyisha kazi. Hana anachoingiza, na siku ya mwisho ya gharama zake anaijua Mungu.

Farasi aliyetunzwa vizuri hufikisha miaka 25 hadi 30. Wale wanne wana miaka 17, 19, 20 na 22. Nikachukua 28 kuwa kikomo cha kukadiria, nikaandika miaka iliyobaki kwa kila mmoja: 11, 9, 8 na 6. Jumla ni miaka 34 ya farasi, yaani siku 12,410 za kula, kunywa, kuzolewa mavi na kuchunguliwa alfajiri kama ameamka salama. Hiyo ndiyo bei ya farasi wa bure.

Tena siku zenyewe hazilingani. Mtu hudhani mnyama mzee, kwa kuwa hafanyi kazi, atasumbua kidogo. Meno ya farasi yanakataa. Jino lake ni refu, sehemu kubwa imejificha ndani ya taya, na kila mwaka linasogea nje kidogo kadiri ncha ya juu inavyosagika. Akivuka miaka 20 na kitu, akiba ile ya ndani inaanza kuisha na meno mengine yanang'oka. Utamwona anatafuna kwa bidii, kisha anadondosha vidonge vya nyasi vilivyolowa mate, kwa kuwa ameshindwa kuvilainisha vya kumeza. Hapo nyasi ndefu hazimfai tena. Anahitaji majani yaliyokatwakatwa na kulowekwa, mara 4 au 5 kwa siku, na mtu wa kuyaandaa. Hata kabla ya kufika huko, kila mwaka meno yanatakiwa kupigwa tupa, maana huota kingo kali zinazomchana mashavu. Ndiyo sababu mwaka wa mwisho wa farasi huwa ghali kuliko mwaka aliopokewa.

Kinachoingia tumboni

"Nyasi zipo," alisema mpwa wangu, na kweli zipo, kuanzia Desemba hadi Mei. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja. Ifikapo Julai zile za shambani zimekuwa fito, na ukimwona ng'ombe anazitafuna utadhani kila mnyama anaziweza. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne na muda wa kucheua. Farasi ana tumbo dogo kwa mwili wake, kazi ya kuchachusha nyuzi inafanyika nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana, na hawezi kutapika. Kwa hiyo ameumbwa kula kidogo kidogo, mchana na usiku. Akiachiwa malishoni hula hata saa 16 kwa siku. Mshindishe na njaa kisha umpe debe la pumba, au mpe nyasi kavu bila maji ya kutosha, na unaweza kumkuta anagaagaa kwa koliki, maumivu ya tumbo yaliyo miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya farasi duniani.

Kipimo cha kuanzia ni asilimia 2 ya uzito wake, kwa chakula kikavu, kila siku. Farasi wa kilo 450 anahitaji kilo 9. Hei, yaani nyasi iliyokatwa ikakaushwa, nayo huwa na unyevu kidogo, kwa hiyo andika kilo 10. Kiangazi cha siku 180 kinakula kilo 1,800 kwa farasi mmoja. Kama robota lina kilo 15, ni marobota 120, na kwa wanne ni 480. Sitoi shilingi hapa, kwa kuwa bei ya robota la Mei si ya Oktoba, na ya Masasi si ya Mikindani. Kilo ndizo zisizobadilika. Chukua bei ya kwenu uzidishe.

Hei hiyo lazima ikatwe nyasi zikiwa bado na majani, mvua zikishakatika, na wakati huo ndio watu wanaingia kwenye mavuno ya ufuta. Kibarua wa kukata nyasi utamlipa kwa bei ya kibarua wa ufuta. Ukishaipata unahitaji ghala lenye sakafu iliyoinuliwa, kwa sababu upepo wetu wa bahari una unyevu na hei inayopata ukungu inamletea farasi kikohozi kisichopona. Na si kila nyasi ya shambani inakatwa. Shamba la bibi lina mikorosho. Kuanzia kiangazi kinapoingia majirani wanapuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, na upepo hauulizi mpaka. Nyasi iliyopata vumbi hilo mimi simpi mnyama.

Watu wataniambia: mbona mikoa yetu ina masalia mengi? Yapo mashudu ya ufuta, pumba za mahindi, maganda ya muhogo, mabibo. Nitayapitia, kwa sababu hapa ndipo wenye nia njema wanapomuua farasi kwa kutaka kubana matumizi.

Pumba zina fosforasi nyingi na kalisiamu kidogo. Farasi anayeshindia pumba kwa miezi mwili wake unakwenda kuchota kalisiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, uso unavimba, anaanza kuchechemea. Ukizitumia, changanya chokaa ya mifugo, ambayo ni unga wa jiwe la chokaa, si ile iliyochomwa ya kupakia ukuta. Mahindi yenye ukungu ni hatari kubwa zaidi: upo ukungu wa mahindi ambao sumu yake huharibu ubongo wa farasi, naye akafa ndani ya siku chache, ilhali ng'ombe aliyekula gunia lilelile haonyeshi dalili. Mabibo yana sukari, na sukari nyingi kwa ghafla huwasha kwato kwa ndani hadi mnyama ashindwe kusimama. Maganda ya muhogo mchungu yana sianidi.

Lakini ninaloliogopa kupita yote ni chakula cha kuku. Kila duka la mifugo linacho, kinanukia vizuri, na mtunzaji mgeni ataona ni heri kuliko kumlaza farasi njaa. Baadhi ya vyakula hivyo vina dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, iitwayo monensini. Kuku anaistahimili, ng'ombe pia kwa kiasi chake, ila farasi kiasi kidogo tu kinamharibu misuli ya moyo, na hakuna dawa ya kuirudisha. Ghala la kuku na ghala la farasi yatengwe, hata koleo lisiwe moja.

Kitu kimoja tu huku kwetu hakitamsumbua mtu: chumvi. Farasi wa kilo 450 katika joto letu anahitaji gramu 30 hivi kwa siku, yaani kama kilo 11 kwa mwaka, na Lindi na Mtwara zina mashamba ya chumvi yao.

Ndoo 730

Kwa joto la pwani weka lita 40 kwa farasi kwa siku, naye amepumzika. Ndoo mbili za lita 20. Kwa mwaka ni ndoo 730 kwa mmoja, 2,920 kwa wanne, ambazo ni lita 58,400 kabla hujaosha chombo wala kumwagia maji mnyama aliyezidiwa na jua. Aliyekulia uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, ambako kizazi hata kizazi akina mama wameteremka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani, hahitaji kuelezwa ndoo 2,920 ni kitu gani. Sisi wa Mikindani tuna visima, ila vilivyo karibu na bahari vingi vina maji ya chumvichumvi, na farasi huyanusa akageuza shingo. Asipokunywa vya kutosha, ile hei uliyoinunua kwa jasho inamkaukia utumboni. Kwa hiyo kisima kirefu au boza, lori la kubeba maji, si mapambo. Maji yanaingia kwenye hesabu kabla ya farasi wa kwanza kushuka kwenye lori.

Mchana mbung'o, usiku usubi

Hapa ndipo hesabu ya kusini inapoachana na ya Arusha.

Machi 1866 David Livingstone alishuka hapa Mikindani akielekea Ruvuma. Alikuja na ngamia 6, nyati wa Kihindi 3 na ndama mmoja, nyumbu wa kubeba mizigo 2 na punda 4. Alitaka kujua, pamoja na mambo mengine, kama wanyama hao wangeweza kuhimili mbung'o. Miezi iliyofuata walikufa mmoja baada ya mwingine. Jambo linalonigusa katika habari ile ni kwamba hawakufa kwa mbung'o peke yake: walibebeshwa kupita kiasi na kupigwa na watu waliokabidhiwa kuwatunza, hata Livingstone mwenyewe hakuweza kutenganisha kilichoua nini. Ni hadi miaka ya 1890, kule Zululand, ambapo David Bruce alionyesha kwamba nagana, ugonjwa uliokuwa ukimaliza mifugo, inaletwa na vimelea vya damu vinavyobebwa na mbung'o. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia ikawa vilevile, kwa ukubwa mwingine: farasi na nyumbu waliletwa Afrika Mashariki kwa maelfu wakafa kwa maradhi, na mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, bara ya Lindi, yalitegemea wapagazi. Jina Kariakoo ni kumbukumbu yao.

Farasi aliyepata nagana hupata homa ya kuja na kuondoka, hukonda huku anakula, huvimba miguu na chini ya tumbo, mwishowe huyumba kiunoni. Ukisubiri hadi umwone anayumba umechelewa. Kwa hiyo panapokuwa na mbung'o unalipia kupima damu mara kwa mara hata mnyama akiwa anang'aa, na hilo ni gumu kumweleza mfadhili. Dawa zipo, diminazini na isometamidiamu, zilezile tunazowachoma ng'ombe. Lakini farasi na punda hawazistahimili kama ng'ombe, nafasi kati ya dozi inayoponya na inayodhuru ni nyembamba. Sindano hiyo si ya kubahatisha uzito kwa macho.

Kinga inataka kufyeka vichaka vinavyozunguka malisho na kutundika vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyolowekwa dawa, maana mbung'o huvutwa na rangi hizo. Na hapa kuna mtego mwingine. Mtu ataona jirani anaogesha ng'ombe wake, aombe bomba aogeshe na farasi. Baadhi ya dawa hizo zina amitrazi. Kwa ng'ombe ni sawa. Kwa farasi inasimamisha mwendo wa utumbo, na tunarudi kwenye koliki. Farasi anahitaji dawa ya jamii ya pairethroidi, iliyopimwa kwa ajili yake.

Jua likizama mbung'o anapumzika na usubi unaanza. Vijidudu hivyo vidogo, ambavyo chandarua cha kawaida kinavipitisha, ndivyo vinavyobeba virusi vya homa ya farasi ya Afrika. Ugonjwa huo ukiwapata farasi wasio na kinga, katika sura yake mbaya unaweza kuua 9 kati ya 10. Pundamilia na punda hubaki nao mwilini kwa kawaida bila kufa, kwa hiyo virusi vina mahali pa kujificha. Chanjo hutengenezwa Afrika Kusini. Kuipata ni kuagiza, kuomba vibali, na kuisafirisha kwenye ubaridi usiokatika hadi Mikindani.

Pamoja na chanjo, farasi wanapaswa kuwa ndani kabla ya magharibi, kwenye banda lenye wavu mwembamba, hadi jua lichomoze. Nilipoandika hivyo nikarudi kwenye ukurasa wa hei nikaufuta. Nilikuwa nimekisia kwamba miezi ya mvua watajilisha wenyewe. Lakini mnyama aliyefungiwa saa 12 hawezi kushinda na tumbo tupu usiku kucha, lazima umwekee. Hata nyasi zikiwa kijani hadi magotini, nusu ya chakula chake kitatoka ghalani. Kilo 5 kwa siku 185 ni kilo 925, marobota 62 zaidi. Farasi mmoja akapanda kutoka marobota 120 hadi 182 kwa mwaka, na wanne kutoka 480 hadi 728. Banda nalo likahitaji matandiko ya kulalia na mtu wa kuzoa kila asubuhi. Mdudu asiyeonekana vizuri kwa macho ameongeza marobota 248. Mtu akiona makimbilio yanaomba michango ya nyasi mwezi wa Februari, asidhani yanamdanganya.

Fundi aliye kilomita 560

Ukwato wa farasi hukua kama kucha na unataka kukatwa kila wiki 6 hadi 8, kazi iwepo au isiwepo. Farasi aliyepumzishwa mara nyingi hahitaji kiatu cha chuma, na huo ni unafuu. Lakini ukwato ukiachwa unapinda, unapasuka, na kano za mguu zinabeba adhabu. Mafundi kwato wa kweli ni wachache nchini, na kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita kama 560. Nauli yake, chakula chake na kitanda chake ni vilevile akija kumkata farasi mmoja au wanne.

Hapo mpwa wangu, nilipomsomea, alishtuka kwa furaha: basi tukiwa na wengi inakuwa nafuu! Ni nusu ya kweli, na imewaponza wengi. Zipo gharama zinazogawanyika: safari ya fundi, safari ya daktari, uzio, kisima, mlinzi. Zipo zisizogawanyika hata kidogo: hei, maji, chanjo, dawa ya minyoo, meno. Ukiongeza farasi, zile za kwanza zinapungua kwa kila kichwa, na za pili zinapanda kwa jumla, hadi unafika mahali ambapo mtunzaji aliyepo hatoshi, banda halitoshi, na kila kitu kilichokuwa kinagawanyika kinaruka juu kwa mkupuo. Wanaoendesha makimbilio wanapaswa kujua namba yao na kuilinda. Kumkataa farasi wa tano, mbele ya mtu anayelia, ni sehemu ya kuwatunza wanne.

Daktari wa mifugo tunaye. Ila wengi huku mikono yao imezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa kuwa hao ndio waliopo. Koliki ya saa 8 usiku inataka mtu anayejua kupitisha mpira puani hadi tumboni, bila kuuingiza kwenye mapafu. Kwa hiyo kabla ya kuleta mnyama, mlipie daktari wa hapa akakae wiki chache na wanaotibu farasi kila siku. Hiyo naiweka kwenye gharama za kuanzia, sambamba na mabati.

Watunzaji lazima wawe wawili. Mmoja akiugua, au akienda msibani, farasi hawajui kuna msiba. Watakula siku ya Idi, watakula Krismasi, watakula Oktoba na Novemba wakati kila kijana mwenye nguvu anaokota korosho kwa malipo mazuri. Mshahara wao na michango ya NSSF haingojei msimu. Wapeni viatu vya mpira na chanjo ya pepopunda. Jina hilo lenyewe linamtaja punda, nami nalichukua kama onyo: mbegu za ugonjwa huo hukaa kwenye udongo na mavi ya farasi na punda, na mtu aliyechomwa na msumari bandani yuko hatarini kama mnyama mwenyewe, ambaye naye anahitaji chanjo hiyo.

Mavi ndiyo mavuno pekee. Farasi wanne watatoa kilo 80 au zaidi kwa siku. Udongo wetu ni wa kichanga, na mwenye bustani ya mchicha atayafuata mwenyewe na baiskeli. Usiyatumie yakiwa mabichi, na usiyarundike karibu na banda, maana yanazalisha nzi.

Fedha za wafadhili zina tabia yake. Picha ya farasi mwenye mbavu nje inagusa mifuko ya watu siku hiyohiyo. Miaka saba baadaye farasi yuleyule ni mnene, amesimama kivulini, hana hadithi, na anahitaji marobota 182. Nimemwambia mpwa wangu asimpokee mnyama yeyote hadi awe na gharama za miezi 6 mkononi, zikiwa zimetengwa, na nyingine kwa ajili ya usiku mmoja mbaya.

Shimo

Nililiacha hili mwisho wa daftari kwa sababu linaniuma, lakini lina gharama na lazima liandikwe. Farasi wachache hufa usingizini. Wengi hufika siku ambayo maumivu hayatulizwi tena, na daktari humlaza kwa huruma. Dawa inayotumika mara nyingi hubaki kwenye nyama. Mbwa au tai akila mzoga huo anaweza kufa naye. Farasi huyo hawezi kutupwa porini, wala kuachiwa fisi. Kilo 450 zinahitaji shimo la kina, na shimo hilo linahitaji kijiko cha kukodi, yaani mashine ya kuchimba, na mahali palipo mbali na kisima, jambo gumu kwenye shamba la pwani ambako ukichimba kidogo unakutana na maji. Mahali hapo pachaguliwe mapema. Sitaki kijana wangu azunguke shambani na mwenye kijiko, mnyama aliyemlisha miaka 10 amelala juani.

Nilichomjibu

Nilimwambia hivi. Farasi hao wana haki ya kupumzika, ila si hapa. Wenyewe waliowapanda miaka yote wachangie, na watafutiwe shamba la nyanda za juu, Iringa au huko Arusha, kwenye baridi, karibu na mafundi, mbali na mbung'o. Atakuwa amewatunza vema zaidi kwa kuwatafutia hapo kuliko kwa kuwaleta kwa bibi.

Shamba la bibi lina wanaolifaa. Wafugaji walipohamishiwa Lindi kutoka Ihefu na Usangu mwaka 2006 na 2007, walikuja na mifugo yao, na punda ni sehemu ya msafara wa mfugaji. Nimewaona bara wakiwa na vidonda vya mgongoni vya ukubwa wa kiganja, kwato zimepinda kama pembe, wameachwa wajitafutie kando ya barabara. Punda afe mzigo ufike, tunasema, na tumekuwa tukilitimiza neno hilo kama lilivyo. Kwa miaka kadhaa mwisho wao ulikuwa pia machinjioni, kwa ajili ya ngozi inayochemshwa kutengeneza dawa China. Tanzania ilisimamisha uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15. Marufuku inamwokoa na kisu. Haimpi majani wala maji.

Punda wa kilo 150 anatosheka na kama asilimia 1.5 ya uzito wake, tena kwa nyuzi hafifu ambazo farasi angekonda nazo. Kilo 2.5 za hei kwa siku. Marobota 30 kwa kiangazi kizima, robo ya farasi. Maji lita 15 hivi. Homa ile ya usubi kwa kawaida haimwui. Nagana inampata, kwa hiyo damu itapimwa vilevile, na kwato zitakatwa vilevile, ila kukata kwato za punda anaweza kufundishwa kijana wa hapahapa. Anahitaji paa, kwa sababu manyoya yake hayamwagi maji ya mvua kama ya farasi. Na asichukuliwe mmoja. Punda hushikamana na mwenzake, na akitenganishwa naye anaweza kukataa kula hadi mafuta ya mwili yammwagikie kwenye damu na kumuua. Wachukuliwe wawili waliozoeana, hata kama mmoja ndiye mwenye kidonda. Wakipumzika na kulishwa wanaweza kuvuka miaka 30, na kwa hiyo hesabu ya siku ni ndefu kuliko ya farasi. Hilo nililipigia mstari mara mbili.

Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si tabia yake. Nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza boza la maji linabeba lita ngapi, na kama lori lake linaweza kupita kwenye ile njia ya mchanga hadi kwa bibi.